Roshani Isiyo na Nguzo

Bwana Bhagwanji alitaka jumba lake la sinema na maigizo lifunguliwe wiki ya Uhuru, Tabora nzima ije ishangae roshani yake: zege tupu, viti mia mbili, imening'inia juu ya upande wa nyuma wa ukumbi bila nguzo hata moja. Mchoro ulitoka Dar es Salaam. Zege lilimwagwa na Kasimiri, fundi mwashi wa mtaa wa Kitete.

Zege la namna ile huachiwa mirunda ya kulishikilia mwezi mzima. Kasimiri, kwa kuogopa kuchelewesha sherehe, aliing'oa siku ya tisa. Ufa ukajitokeza, mwembamba kama unywele. Akaupiga lipu. Wakubwa walipopiga makofi naye akapiga, bila haya.

Miaka kumi ikapita. Jumba likataifishwa, Bhagwanji akafunga virago, wananchi wakawa wanaingia kuangalia maigizo ya Ujamaa. Kila mwaka Kasimiri alibandika kipande cha kioo juu ya ufa: kioo kikivunjika, ufa unatembea. Kila mwaka alikikuta kizima. Siku mbili kabla ya sherehe za miaka kumi ya Uhuru, alikikuta kimekatika.

Alikwenda kwa Masolwa, msimamizi wa jumba.

"Ndugu, roshani ifungwe."

"Kwa nini, mzee? Si uliijenga mwenyewe?"

Angesema nini, kwamba ameficha ufa miaka kumi? Siku zile wangemwita mhujumu na kumtia ndani.

"Basi, nilidhani tu," akasema, akaenda zake. Mtu mzima na mvi zake!

Siku ya sherehe Marcelina, binti yake wa pekee, alivaa gauni jipya.

"Mwanangu, roshani usiikanyage. Kaa chini."

"Lakini baba, juu ndiko kunakoonekana vizuri."

"Nimesema chini."

"Haya, baba."

Kasimiri akashusha pumzi. Watoto wa wenzake aliwaachia Mungu.

Mshindo ulisikika hadi Kitete, saa tisa mchana. Alikimbia huku akishukuru moyoni kwamba wake yuko salama. Mlangoni alipishana na watu wa roshani, weupe kwa vumbi, wakichechemea, wengi wao hai. Walikuwa wameshuka nayo.

Ndipo alipoona ilipoangukia. Yeye aliyeijenga kwa mikono yake hakuwa amefikiria kuna viti gani chini yake.

Safu za mbele zilikuwa za viongozi. Marcelina, mtoto msikivu, alikuwa amekaa nyuma.