Sahihi ya Kaka

...na mkono ulioiga sahihi ya kaka yangu ni huu huu, huu unaomshikia wifi kitana, Mungu anisamehe, na redio inasema Bunge limepitisha, kura za rais zitahesabiwa kituoni, zitasomwa kwa sauti, fomu itabandikwa mlangoni siku hiyo hiyo, hakuna mtu atakayeinakili tena mjini, hakuna... "Wifi, tulia bwana, mstari unakwenda upogo," anasema mke wa kaka, vidole vyake kichwani mwangu, nusu nimesukwa, nusu timtim, natulia, ila moyo hautulii, unacheka peke yake, maana juzi msimamizi wa uchaguzi alipiga simu, akaniambia, mama karani, uchaguzi ukija tunakuhitaji, wewe una mwandiko mzuri, ndivyo alivyosema miaka mitano iliyopita, fomu imemwagikiwa chai, inakili upya, na hapa penye mia tatu kumi na nane andika mia moja kumi na nane, nikaandika, niliogopa kibarua kuota nyasi, nikafika penye sahihi ya wakala wa chama kilichopunjwa, naye ni kaka yangu wa tumbo moja, nikaichora na ule mkia wake mrefu, nilioujua tangu tukicheza shule uani... ahsante Mungu, sasa mlango ndio utakaosema, akipiga tena nitamjibu, bosi, kunakili kupi?... na hapo nje wanaume wanaangua kicheko, "Mia Mbili! Redio inakutaja leo!", ndilo jina walilompa kaka, eti kura mia mbili zilizopotea aliziuza yeye, naye anajibu, "Ningeziuza ningevaa viatu hivi?", wanacheka, anacheka nao, miaka mitano anacheka nao... kumbe sheria imeniokoa mimi, yeye haijamsafisha, na mimi kila asubuhi nikipiga magoti kutubu, kana kwamba Mungu ndiye aliyeitwa Mia Mbili... ajabu, siogopi, kifua kimekuwa chepesi kama nimetua ndoo ya maji... "Bado mingi?" "Mistari minne. Haraka ya nini, unaolewa?" "Wifi, niache hivi hivi nilivyo, niitie mumeo, na hao wenzake waingie naye."