Badiliko la Mjomba

Mnivumilie, leo nimeamka vibaya. Saa kumi jioni tunatoa toleo jipya la kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani inayoiamrisha kompyuta nzima, nami ndiye bawabu wake: badiliko nisilolipitisha haliingii. Kuna moja nililipitisha bila kulijaribu kwenye mashine za zamani, kwa sababu tu aliyeliandika ni mjomba wangu.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kazi hii, kwa chai na masimango. Badiliko lake linaokoa umeme, lakini mashine za zamani zikilala haziamki. Muuguzi mmoja ametuandikia mara nne: kompyuta ya zahanati ikigoma hivyo, kumbukumbu za wagonjwa wa siku nzima zinapotea. Kanuni yetu alinikaririsha Mjomba mwenyewe: kilichofanya kazi jana kifanye kazi na leo. Hitilafu ikikosa dawa, badiliko linatolewa kwenye kiini, na sababu inaandikwa pamoja na jina la mwandishi. Nimempa Mjomba wiki mbili za kulirekebisha, nikaongeza mbili. Nilimwonea muhali, basi, na muuguzi wa watu akaumia.

Mchana nikaenda kwake. Mkaza mjomba alinipokea mlangoni, akaninong'oneza, "Siku hizi anasahau hata kula. Kazi hiyo ndiyo inayomtoa kitandani, mwanangu. Ukimnyang'anya, umemmaliza."

Mjomba alikuwa dirishani, sweta kaivaa nje ndani. Nikamwamkia, nikamwekea kompyuta mapajani, nikamweleza shida ya zahanati. Alilisoma badiliko mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, mpaka mwisho.

"Huyu aliyeliandika ana haraka," akasema. "Mashine za zamani hakuziwaza kabisa. Dawa imepatikana?"

"Bado. Wiki ya nne hii."

"Sasa unangoja nini? Au ni mchumba wako?" Akacheka peke yake. "Litoe. Na jina lake uliandike wazi, ajifunze."

Roho iliniuma, sikuweza hata kumtazama. Nikaandika sababu, nikafika kwenye jina, nikasita.

"Andika," akasema.

Nikaandika. Akaivuta kompyuta, akalisoma jina lake mara mbili.

"Nililiandika lini?"

"Mwezi wa pili, Mjomba."

Akanirudishia kompyuta.

"Litoe," akasema. "Na mimi usinipe kazi nyingine."

Nikalitoa palepale, nimekaa kando yake.