Nyani Jike katika Shimo la Kamatanda

Kaka zangu Éphraïm na Numbi wakigombana, wanageuka mbwa mwitu mpaka kesho yake. Leo wamegombana ndani ya shimo lao la shaba, Kamatanda, na makucha hayashiki kamba ya kupandia. Wachimbaji wenzao wakaja mbio kuniita sokoni.

Mimi hugeuka mnyama yeyote nitakaye. Nikaacha mihogo yangu juani, nikawa nyani, nikashuka. Nimeshamshika Éphraïm shingo nimpandishe, ananiuliza: "Hortense, uko nyani dume ao jike?"

"Jike. Ningekuwa nini?"

"Basi rudia juu. Mwanamuke akiingia mu shimo, shaba inakimbia."

Numbi akaunga mkono. Mwaka mzima hawajapatana, wamepatana hapo.

Nikapanda peke yangu. Nilipofika juu nikawainamia: "Ikikimbia, muifuate."