Kibandiko cha Wanda

Uchaguzi wa rais ukikaribia, waandishi wa habari huuvamia mji wa Wexford Mills, jimboni Ohio, Marekani, kama nzige, na wote huishia mgahawani kwa Tammy, kwenye kiti anachokalia Merle Hostetter. Wana sababu yao. Nusu ya mji ni wekundu kindakindaki, yaani Warepublican, nusu ni wabuluu, Wademokrat wasiosikia la mtu, na mgombea anayeshinda hapo ndiye huingia Ikulu. Katikati yao alikuwa Merle, mstaafu wa kiwanda cha pampu, maarufu kuliko meya kwa jambo moja tu: alikuwa hajaamua ampigie nani kura.

"Huyu ana hoja, na yule ana hoja," alizoea kusema, akikoroga kahawa taratibu. "Mimi namsikiliza kila mtu."

Kila mara, kesho yake picha yake ilitoka gazetini, kofia kichwani, macho dirishani, na Tammy alimkatia kipande cha pai ya tufaa bila malipo.

Kumbe bwana mkubwa hakuwahi kupiga kura hata mara moja. Mwaka wa kwanza alisingizia zamu ya kiwandani, wa pili mvua. Baadaye akagundua raha iliyomo: rais akiharibu, wekundu na wabuluu walirushiana lawama pale kaunta, naye alikaa mikono safi, anatafuna pai. Kila siku ya uchaguzi mkewe, Wanda, alikwenda kanisani kwa Walutheri kupiga kura, akarudi na kile kibandiko kidogo anachopewa kila aliyepiga. Merle alikibandua kwenye koti la mkewe, akajibandika kifuani, akaondoka zake kwa Tammy. Labda Wanda alisema kitu, ila Merle alikuwa anajisoma gazetini.

Za mwizi arobaini. Mwaka huu alikuja Brooke Salazar wa televisheni, msichana mwenye haraka zake, na hakutaka maneno ya mgahawani.

"Mzee Merle, leo tunakufuata mpaka kituoni. Watu wakuone unaingia hujaamua, unatoka umeamua."

"Beba chakula, dada!" akadakia Lonnie, jirani yake pale kaunta. "Huyu kuamua mayai yake yakaangwe vipi tu, sisi wenzake tunazeeka."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Merle naye akacheka. Angekataaje, na macho yote yale yanamtazama? Akampigia Wanda simu wakutane kanisani. Njiani akajipa moyo: leo atapiga kura, yaishe. Njia mbili zilimshinda fisi, lakini fisi angalau alitoka nyumbani.

Chumba cha chini cha kanisa kilinukia kahawa iliyochemka mno. Wanda alitangulia, akapewa karatasi yake, akaingia kwenye kibanda. Mezani alikaa msimamizi wa kura, Dolores Pruitt, aliyesoma na Merle tangu utotoni. Aliipokea leseni ya gari ya Merle kama kitambulisho, akatafuta jina daftarini, akatafuta tena.

"Merle, jina lako halimo humu."

"Tazama vizuri, Dolores. Mimi nimezaliwa mtaa huu."

"Najua ulikozaliwa, usinichoshe. Mtu asipopiga kura miaka na miaka anatumiwa kadi ya kuulizwa kama bado yupo. Asipojibu, anafutwa. Wewe hukupata kadi?"

Aliipata. Aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza ya televisheni, na meza tangu hapo haikuyumba tena. Merle alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini Brooke, katika maneno yote hayo, alisikia moja tu.

"Amefutwa! Washa kamera! Mzee Merle, mtu unayetegemewa na mji mzima, leo wamekunyima kura. Unajisikiaje?"

Dolores akamtazama Merle aseme mwenyewe. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, na wa pai ya bure ulikuwa wazi pia.

"Inauma," Merle akasema, akavua kofia. Na kwa kweli iliuma, ila si kwa sababu aliyoidhania Brooke.

Wanda akatoka kibandani, kibandiko kinang'aa kwenye koti. Brooke akamsogeza kando kidogo, asimzibie Merle mwanga. Hapo ndipo Merle alipotambua jambo lililomwaibisha kuliko hiyo kadi. Miaka yote hiyo alikuwa akiieleza nchi nzima moyo wa Wexford Mills, na hakujua mkewe humpigia nani. Hakuwahi kumuuliza. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Picha ya mwisho, nyinyi wawili pamoja!" akaita Brooke.

Kwa mazoea, mkono wa Merle ukaenda kwenye koti la mkewe. Wanda akakifunika kibandiko kwa kiganja.

"Hiki hapana."

"Wanda, kamera..."

"Naiona. Hiki nimekipangia foleni mwenyewe."

Merle akaushusha mkono. Akainama, akanong'ona, "Haya, basi niambie. Umempigia nani?"

Wanda akamtazama, akacheka kidogo, akatoa funguo za gari mkobani.

"Mwulize yule mzee wa gazetini," akasema. "Si ndiye anayejua tunachofikiria?"