Kilo za Mama

Mkono wa mama yangu ulichomoza usawa wa sakafu ukiwa umeshika boksi la majalada, na bangili yake ya shaba ikagonga ukingo wa chuma. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mlango wa lifti, kwenye ukumbi wa kuingilia, nimeinama hadi shavu linakaribia kugusa vigae.

"Hilo la kwanza," alisema kutoka chini. "Pokea vizuri lisikuponyoke."

Kilo kumi na tano. Nililivuta na kuliweka nyuma yangu. Chini zaidi, chini ya miguu yake, nilisikia maji yakimiminika ndani ya shimo la lifti, na kila nililolisikia baada ya hapo nililisikia juu ya sauti hiyo.

Imepita miaka ishirini na miwili. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa hesabu wa miezi minane, na nilikuwa na aibu niliyoificha kama mtu anavyoficha kiatu kilichotoboka. Nilikuwa nikiwafundisha watoto namba hasi na chanya kwa wimbo. Ukitoa hasi, umeongeza! Darasa zima linaitikia, mikono inapigwa, mimi nazunguka na chaki kama kiongozi wa kwaya. Kisha wiki ile msichana mmoja wa dawati la nyuma, mpole, asiyenyoosha mkono hata kuomba maji, akanyoosha mkono. "Mwalimu, ukitoa kitu, kitaongezekaje?"

Nikamwambia ndiyo kanuni. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaandika. Ile sawa yake ilinikosesha raha siku tatu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa najua.

Jumamosi hiyo nilikwenda kazini kwa baba kumpelekea miwani aliyoisahau mezani. Baba alikuwa fundi wa lifti wa jengo la ofisi, ghorofa nne juu na mbili chini ya ardhi. Mama alifanya kazi humo humo, masijala, kutunza majalada. Watu wa jengo walikuwa wakitania kwamba ndoa ile inapanda na kushuka, nayo haijawahi kukwama.

Nilimkuta baba katika chumba cha mitambo, juu kabisa, akifuta mikono kwa tambara. Sijui kwa nini nilimweleza habari ya yule msichana. Labda kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na hakuna aliyekuwa akitusikia. Baba aliishia darasa la saba. Hakucheka. Alinivuta hadi kwenye tundu la sakafuni ambako kamba za waya zilipita, akamulika tochi.

"Angalia."

Lifti ilikuwa inashuka. Na kutoka gizani, upande wa pili wa kamba zile zile, rundo la vyuma lilikuwa linapanda kutufuata, kimya, zito, bila haraka. Sikuwahi kujua lipo. Miaka yote nilipanda lifti ile nikidhani iko peke yake humo ndani.

"Hawa wawili ni mizani," alisema baba. "Vyuma vina uzito wa lifti tupu, na kilo mia tatu juu yake. Kwa hiyo ukipakia kilo mia tatu kamili, hakuna anayemvuta mwenzake. Hapo ndipo sifuri yangu ilipo." Akachora mstari ukutani kwa chaki. "Zikizidi mia tatu, lifti inashuka. Zikipungua, vyuma vinaizidi nguvu, inapanda. Watu wanadhani breki ikiachia lifti lazima ianguke. Lifti tupu, mwanangu, breki ikiachia inapaa."

Nilitaka aniambie tena. Lakini taa ilizimika, kamba zikatikisika, na kutoka chini kabisa ya lile shimo ikaja sauti ya mama yangu. Hakupiga kelele. Aliita jina la utani alilokuwa akimwita baba nyumbani tu, na hilo ndilo lililonitisha.

Bomba kubwa lilikuwa limepasuka kwenye vyumba vya chini. Msimamizi wa jengo alikata umeme, na alifanya vyema, ila lifti ilikuwa njiani. Ilikwama ikiwa imeupita ukumbi kwa zaidi ya nusu ya kimo chake. Ndani walikuwemo mama, karani mwenzake, na maboksi kumi na manne ya majalada ya zamani waliyokuwa wakiyapeleka stoo. Baba alinipa ufunguo wa milango, akabaki juu na mkono kwenye breki. "Shuka kwa ngazi. Tutasemezana kwa simu. Na mtu yeyote asijaribu kupita kwenye upenyo, hata mama yako akililia. Lifti ikisogea kidogo tu, itamkata."

Nilipofungua mlango wa ukumbi, upenyo ulikuwa wa kupitisha boksi. Nilimwona mama macho na paji la uso.

"Karani ana kilo ngapi?" baba aliuliza simuni.

"Sabini," alijibu karani, mwanamume mwembamba.

"Na mama yako?"

"Sitini," mama alisema upesi.

Nikapiga hesabu nikiwa nimepiga magoti. Maboksi, kila moja kumi na tano, mia mbili na kumi. Jumla mia tatu na arobaini. Chanya arobaini. Breki ikiachiwa sasa, wanashuka kwenye maji. Nilimtajia baba, naye akasema, "Basi tuipeleke kwenye hasi. Toa maboksi manne." Sitini zikitoka, inabaki hasi ishirini. Ndivyo mkono wa mama ulivyoanza kuchomoza sakafuni, na bangili yake ikagonga chuma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Naachia kidogo," alisema baba. "Kaeni mbali na mlango."

Nilisikia breki ikilia juu huko. Lifti haikupanda. Haikushuka pia. Ilining'inia, na mzigo wote ule ukawa kana kwamba hauna uzito. Karani alianza kusali. Maji nayo yalikuwa yamefika mahali fulani, kwa maana sauti yake ilibadilika, ikawa ya maji kugonga bati la sakafu ya lifti.

Baba alifunga breki.

Msimamizi wa jengo alikuwa nyuma yangu, ameloa jasho, na mtu mwenye hofu hutaka lifanyike jambo, lolote. "Si kuna vile vyuma vizito juu?" alisema. "Viko karibu na fundi sasa hivi, nimeviona kwa macho yangu. Avitoe! Tupunguze uzito lifti iwe nyepesi!" Na tayari alikuwa anaelekea ngazini.

Nilimshika mkono wa shati. Sijawahi kumshika mkubwa wangu hivyo, kabla wala baada.

"Vile ndivyo vinavyoivuta juu," nilisema. "Upande ule ni hasi. Ukitoa hasi..."

Niliviona vyuma vile gizani, kimoja kikiondolewa, kingine kikiondolewa, na lifti ya mama yangu ikizidi kuwa nzito bila kuongezewa hata karatasi. Nilikuwa nimeliimba jambo hili miezi minane. Lilikuwa kweli. Lilikuwa kweli kabla ya kitabu na kabla ya chaki, lilikuwa linaning'inia kwenye kamba ndani ya ukuta huku watu wakipita na chai zao. Nilishangaa hadi nikasahau kuogopa.

"Ukitoa hasi umeongeza," nilimwambia. "Utawazamisha."

Msimamizi aliketi kwenye ngazi.

Simuni baba alikuwa akicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeshika breki. "Tuko karibu sana na sifuri. Hesabu yako ni safi. Ila humo ndani kuna mtu amenidanganya. Mwambie mama yako njia ya mwongo ni fupi."

Nilimwambia. Karani akaacha kusali.

"Mke wangu," sauti ya baba ilitoka kwenye simu niliyoielekeza chini, "nilikubeba siku ya harusi. Sema."

"Themanini na mbili," alisema mama. "Na mkisha kunitoa msilitaje tena."

Chanya mbili. Ndiyo maana ilining'inia. Tukatoa maboksi matatu mengine, ikawa hasi arobaini na tatu. Breki ikalia tena, na safari hii paji la uso la mama likapanda, kisha macho, kisha mdomo ukiwa umekazwa, kisha mabega. Hakuna umeme, hakuna mtu aliyekuwa akivuta. Alipanda tu, polepole, kwa nguvu ya kile kilichopungua, hadi viatu vyake vilivyoloa vikawa sawa na vigae. Aliweka mguu ukumbini, akanitazama nilivyokuwa nikilia na kucheka, akauliza kama baba alipata miwani yake.

Jumatatu sikuimbisha wimbo. Nilichora lifti ubaoni, na vyuma, na mstari wa sifuri. Yule msichana wa nyuma alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, akabaki hivyo hivyo, mdomo wazi. Kila mwaka nimefundisha vile, na kila mwaka naandika mama wa mwalimu, kilo themanini na mbili. Mama anajua. Baba alipokuwa hai ndiye aliyemwambia.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kliniki. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, nikamshika kiwiko, kiwiko chepesi. Mama aliinama akasoma mwenyewe.

"Hamsini na moja," alisema. Akafurahi. "Siku ile ningekuwa hivi, si tungepanda mapema?"

Nilipiga hesabu kichwani, siwezi kujizuia. Kwa maboksi manne tu, hasi ishirini na tisa.

"Mngepanda, mama," nilisema.

Nikazidi kumshika kiwiko, nikitamani zile kilo thelathini na moja zirudi zote.