Mgeni wa Mzee Iwao

Mume wangu, Tokujiro, alinifundisha kula sushi njia nzima, kutoka stesheni ya Kanazawa hadi mlangoni pa mgahawa wa Mzee Iwao.

"Chovya samaki kwenye sosi, wali usiguse sosi. Na ikiwekwa mbele yako, kula papo hapo. Sushi haisubiri maneno. Usinitie aibu, Mama Chihaya, hapa mimi ni mtu wa nyumbani. Mzee Iwao anakariri mpaka mkono anaolia kila mteja wake!"

Nikaitikia huku nimeuma meno. Miaka thelathini ya ndoa, na bado nafundishwa kula!

Tukakaa kaunta. Mzee Iwao akafinya tonge la wali, akalaza samaki juu yake, akaliweka mbele yangu. Tokujiro akakodoa macho. Tonge lilikuwa limeelekezwa upande wa kushoto, na mimi hulia mkono wa kushoto. Wala halikuwa na wasabi, ule ukali wa kijani unaonitoa machozi. Na mimi nilikuwa sijafungua mdomo wala sijagusa vijiti vya kulia.

Kisha Mzee Iwao akamgeukia mume wangu, akainama kwa adabu.

"Na mgeni wetu je, anatumia wasabi?"

Masikio ya Tokujiro yakawa mekundu kama jodari mbichi aliyekuwa kwenye ubao.

"Mama Chihaya! Kumbe wewe huwa unakuja hapa na—"

"Kula, baba," nikamwambia. "Haisubiri maneno."