Reli Iko Kushoto

1.
TANGAZO KWA MARUBANI WOTE
Ndege ikishafika kimo cha safari, otopailoti iwashwe na iachwe hivyo hadi kuanza kushuka. Ni marufuku kuiacha njia iliyopangwa kwa sababu binafsi.

2.
Sababu binafsi yenyewe imelala nyuma, ndani ya jeneza, imefungwa mikanda minne. Inaitwa Mihayo, dereva wa treni, miaka thelathini na mmoja. Rubani ni dada yake, Nyamizi. Katikati yao amekaa shangazi Kalunde. Wanatoka Dar es Salaam, wanakwenda Tabora kuzika.
Ndiyo hivyo. Msomaji, funga mkanda.

3.
Kazi ya otopailoti:
KIMO: ndege isipande, isishuke.
NJIA: ifuate mstari mnyoofu mpaka Tabora.

Kazi ya mikono ya rubani:

4.



(Hapa alilia. Ndege haikuyumba hata kidogo.)

5.
Krismasi iliyopita, mezani, pilau halijapoa:
— Dereva gani wewe, hata usukani huna? Reli ikikata kona, na wewe unakata.
— Wewe unao, unautumia? Unabonyeza kitufe, unatafuna karanga.
— Panda ndege yangu siku moja uone.
— Haya, lini?
— Nikipata nafasi.

Nafasi.

6.
Katika ukoo wao, marehemu akisafirishwa huambiwa njia, kituo kwa kituo, asije akabaki akitangatanga. Kazi hiyo ni ya shangazi.
"Nyamizi mwanangu, hapa wapi?"
"Morogoro iko kushoto, shangazi. Kilomita arobaini."
"Mihayo, Morogoro iko kushoto." Akamgeukia Nyamizi. "Sasa ataelewaje? Miaka tisa amepita katikati yake, leo iko kushoto."
Baadaye:
"Na Dodoma?"
"Kushoto."
"Kila kitu kushoto. Unampeleka kwao, au unamkwepesha?"

7.
Otopailoti, kama ingekuwa na mdomo:
Mimi sijui nimebeba nani. Nimepewa Tabora, naifuata Tabora. Upepo ukinisukuma, najirudi. Rubani analia, mikono mapajani, lakini kilio si upepo.

8.
Homa ya siku nne. Mihayo alipiga simu mara mbili toka wodini. Dada yuko angani, anapeleka watalii.
Kawia ufike, wanasema. Wengine hukawia, wakafika kubeba jeneza.

9.
Mafuta: yanatosha, na ya ziada yapo.
Mawingu: hakuna.
Kibali: hakuna.

Akazima NJIA.
Akazima KIMO.

Usukani ukawa mzito ghafla, kama mtu aliyeamshwa. Akaushika kwa mikono yote miwili, akaukunja kushoto. Akashuka mpaka uzi mwembamba ukaonekana kwenye pori, uking'aa.
"Shangazi, ile pale stesheni ya Saranda."
Kalunde akageuka, akaweka kiganja juu ya jeneza.
"Mihayo. Saranda hii hapa. Dada yako anaendesha."

Reli ikakata kona.
Na yeye akakata.

10.
Redioni:
"Rubani, umeacha njia. Ndege ina hitilafu?"
"Haina."
"Una mgonjwa?"
"Sina."
"Taja sababu."

Manyoni.

"Rubani, taja sababu."

Itigi. Shangazi anaitaja taratibu, kama anayemwamsha mtoto.

"Rubani?"

Nyamizi akabonyeza kitufe cha kuongea.
"Abiria wangu aliniuliza lini. Zamani. Nikamwambia nikipata—"